Rekta mpya akija, aanze kwa kuturudishia majibu

Leo sina habari ya barabara wala ya bei ya mchele. Nataka tuzungumze juu ya chuo kikuu, na msiseme mapema kwamba hayo ni mambo ya wakubwa. Mtaona kwamba yanafika mpaka mlangoni kwenu.

Kwetu Kongo, mkuu wa chuo kikuu, yule tunayemwita rekta, anateuliwa Kinshasa pamoja na kamati yake: katibu mkuu wa masomo, katibu mkuu wa utawala, msimamizi wa bajeti. Siku ya kukabidhiana kazi kuna viti vya plastiki, kuna toga, kuna wimbo wa taifa, na kuna hotuba. Nimesikiliza hotuba za namna hiyo kwa miaka, nyingine nikiwa palepale, nyingine kwa njia ya redio, na kuna maneno mawili ambayo hayakosi: ushirikiano na utafiti. Rekta mpya atafungua milango kwa vyuo vya nje. Rekta mpya atawapa walimu nguvu ya kutafiti. Watu wanapiga makofi, tunakunywa soda, tunarudi nyumbani.

Sina neno baya na maneno hayo. Ni maneno mazuri. Ila sisi wa Kusini mwa Maniema tuna haki ya kuuliza maswali mawili madogo juu yake, hata kama hatuna diploma. Ushirikiano na nani? Na utafiti ukiisha, unakwenda wapi?

Niseme kwa nini ninauliza. Siku moja nilimsindikiza kijana mwanafunzi aliyekuwa anaandika kazi yake ya kumaliza masomo, ile wanaita memwari. Alitaka kuzungumza na familia zilizokimbia upande wa Kabambare. Sitataja chuo chake wala mtaa, haina faida. Tulimkuta mama mmoja anamenya muhogo mbele ya nyumba ya watu waliompokea. Alitupa kiti kimoja, kijana akakaa kwenye kinu kilichopinduliwa. Karatasi yake ilikuwa na maswali mengi: mnakula mara ngapi kwa siku, mlilala wapi njiani, watoto wangapi wako masomoni, nani alikufa na kwa ugonjwa gani. Mama alijibu yote kwa utulivu, mpaka lile la nani alikufa. Mwishoni kijana akasema, kama walivyomfundisha, "Mama, kama uko na swali, uliza." Mama akaweka kisu chini.

"Bale ba kwanza baliniuliza vilevile. Na bale ba pili. Balisema nini juu ya majibu yangu?"

Kijana aliangalia viatu vyake. Mimi niliangalia muhogo. Hakuna aliyekuwa na jibu. Nadhani mama alijua hivyo kabla ya kuuliza.

Swali la yule mama ndilo ninalotaka rekta yeyote mpya, awe wa Kindu, awe wa chuo chochote cha jimbo letu, aliweke mezani siku ya kwanza, kabla ya kutafuta wafadhili na kabla ya kusaini karatasi za urafiki na vyuo vya ng'ambo. Maana sisi huku hatukukosa kutafitiwa. Tumehesabiwa, tumepimwa, tumeulizwa. Tulichokosa ni majibu.

Vijana wengi hawajui kwamba jina la Kasongo liko katika vitabu vya afya vya dunia nzima. Wazee wanakumbuka kitu kilichoitwa Proje Kasongo. Mwanzoni mwa miaka ya 1970, kwa ushirikiano kati ya nchi yetu na Taasisi ya Dawa za Tropiki ya Antwerp, Ubelgiji, ilianza hapa kazi ya kujaribu mpango mpya wa afya. Mpango wenyewe ukiuelezea leo unaonekana kama kitu cha kawaida, na ni kwa sababu ulishinda. Badala ya hospitali moja kubwa ambayo mgonjwa anaifikia baada ya siku mbili za kutembea, wawepo wauguzi katika vituo vidogo vya afya karibu na watu, kila kituo kijue familia zake, na nyuma ya vituo hivyo iwepo hospitali moja ya rufaa inayopokea tu kile ambacho kituo hakiwezi. Waliandika kila kitu: nani alikuja, alitoka kijiji gani, alipona au hakupona, alilipa nini. Mwaka 1981 walitoa kwa maandishi mafunzo ya jaribio lile lote.

Pamoja na yale yaliyofanyika Bwamanda, Kisantu na Vanga, uzoefu wa Kasongo ndio uliosaidia kuzaa mfumo wa zoni za afya. Leo nchi nzima ina zoni 519, na Maniema peke yake ina 18. Kila mara mama wa Lusangi anapoambiwa, "Anza kwenye kituo, wao watakuandikia karatasi ya hospitali," anatembea katika njia ambayo sehemu yake ilichorwa hapahapa.

Halafu kuna habari ya surua. Mwezi wa Aprili 1981, jarida la waganga la Uingereza, The Lancet, lilichapisha utafiti juu ya chanjo ya surua na uhai wa watoto wa miezi 7 hadi 35 katika Kasongo. Swali lao lilikuwa gumu kidogo kulimeza. Waliuliza: tukimkinga mtoto dhaifu na surua, je, tunamwokoa kweli, au tunamchelewesha tu, afe baadaye kwa ugonjwa mwingine kwa sababu umaskini wake uko palepale? Takwimu zao ziliwafanya wawe na mashaka. Makala hiyo iliamsha mabishano makubwa. Mtafiti wa Denmark, Peter Aaby, aliyekuwa akifuatilia watoto katika Guinea-Bissau, hakukubaliana nao; alionyesha kwamba chanjo ya surua inaokoa watoto wengi kuliko walivyofikiri. Na leo dunia imekaa upande huo. Tafadhali asitoke mtu hapa akasema redio imesema chanjo haifai. Nimesema kinyume: mpelekeni mtoto. Mwaka 2019 na mwanzoni mwa 2020 surua iliua watu zaidi ya 6,000 katika Kongo, wengi wao watoto wadogo.

Mimi sitaki tugombane tena ugomvi wa 1981. Nataka mtazame jina la mwandishi. Mahali pa jina la profesa, waliandika tu: Timu ya Proje Kasongo. Ukifungua jarida hilo leo katika maktaba ya Tokyo au ya London, mji wetu umekaa mahali pa mwandishi. Nami nimeuliza vijana wa masomo ya uuguzi hapa mjini, si mmoja, si wawili, kama wamewahi kusikia habari hiyo. Wananiangalia kama ninasimulia ndoto. Watoto waliohesabiwa katika utafiti ule, walioishi, leo ni watu wa miaka hamsini na kitu. Wengine ni mababu. Hakuna aliyewahi kuwaambia, "Wewe ulikuwa ndani ya kazi ambayo dunia ilibishana juu yake."

Haikuwa ubaya wa watu wale. Walifanya kazi, walikaa, walijifunza lugha yetu kuliko wengi wanaokuja sasa na jeep kwa siku tatu. Lakini maandishi yalipanda ndege. Sisi tulibaki na majengo, na mengine paa lake mnalijua.

Si mara ya kwanza kwetu. Nyangwe, mwendo si mbali na hapa, ndiko David Livingstone aliposhuhudia mauaji ya sokoni tarehe 15 Julai 1871. Alikuwa ameishiwa karatasi na wino, akaandika juu ya gazeti kuukuu kwa rangi aliyoipata kwenye mimea ya kwetu. Rangi ilififia, maandishi yakawa hayasomeki. Zaidi ya miaka mia moja baadaye wataalamu wa Uingereza na Marekani walishirikiana, wakapiga picha kwa mwanga wa aina mbalimbali, maneno yakarudi, na mwaka 2011 waliyaweka kwenye intaneti mtu yeyote ayasome. Kazi nzuri kabisa, naisifu. Lakini wakati wa kuamsha wino wa Nyangwe ulipofika, je, wazee wa Nyangwe wana simulizi gani ya siku ile? Hilo ni somo la chuo kikuu cha Maniema. Halihitaji mashine. Linahitaji mwanafunzi mwenye masikio, kinasa sauti, na mwalimu wa historia atakayemsindikiza. Kila mwaka tunaosubiri tunazika wazee.

Basi tukimwambia rekta mpya "ushirikiano", tunataka aanze na jirani. Mganga mkuu wa zoni ya afya ana vitabu vya vituo vyake, ana ramani, anajua kijiji gani kimehama na kipi kimerudi. Wahudumu wa kujitolea wa jamii, wale tunaowaita reko, wanajua ni nyumba ipi mtoto amekohoa wiki mbili. Machifu wa sekta na sheferi wanajua mashamba yako na nani. Parokia, misikiti na makanisa wana orodha za familia zilizopokelewa. Wakulima wanajua ni mbegu gani ya muhogo inaoza ardhini na ipi inavumilia. Huo wote ni utajiri wa utafiti, na uko umbali wa kutembea kwa miguu kutoka darasani. Nimeona profesa akitafuta mshirika Ulaya juu ya ugonjwa wa muhogo, na shamba la kujifunzia liko nyuma ya ukuta wa chuo, limejaa majani.

Huo muhogo uko na hadithi yake. Mwishoni mwa miaka ya 1980 na katika miaka ya 1990 ugonjwa wa kukunja majani uliiharibu mihogo ya Uganda vibaya, watu wakalala njaa, kisha ukasambaa mpaka huku mashariki mwa Kongo. Waganda walitoka katika shida ile kwa kuunganisha nguvu: watafiti wa serikali yao, taasisi ya kimataifa ya kilimo cha tropiki, na wakulima wenyewe, waliopewa vijiti vya mbegu mpya wavijaribu katika mashamba yao na kusema ni ipi tamu na ipi chungu. Mbegu inayovumilia ugonjwa lakini haitoi bukari nzuri, mama hataipanda, hata profesa akilia. Sisi tuna vituo vya INERA huko Mulungu na Yangambi. Ni mbali, najua. Lakini ni karibu kuliko Brussels.

Nimeitaja Uganda, nikae hapo kidogo, maana kuna chuo kikuu ambacho rekta wetu wanaweza kukitazama bila haya. Makerere ya Kampala ilianza mwaka 1922. Mwaka 2017 ilipata mkuu mpya, Profesa Barnabas Nawangwe, mtaalamu wa ujenzi wa majumba. Naye alikuja na maneno yaleyale: utafiti, ushirikiano, chuo kiongozwe na utafiti. Tofauti ilionekana mwaka 2019, serikali ya Uganda ilipoanza kukipa chuo kile shilingi za Uganda bilioni 30 kwa mwaka kwa ajili ya utafiti tu. Ni fedha ya nchi yao wenyewe. Walimu walileta maombi yao, wakashindanishwa, na mradi ulitakiwa kujibu shida ambayo nchi inaijua: afya, chakula, maji, shule. Mtafiti hakulazimika kwanza kuuliza mzungu anapenda swali gani.

Msidhani kule ni peponi. Uongozi ule umekuwa na mivutano mikali na walimu wake, na mwaka 2020 jengo kuu la Makerere liliungua. Lakini jambo moja nalishika: mtu anayelipia utafiti ndiye anayechagua swali. Fedha ikitoka nje tu, swali litatoka nje. Na swali linalotoka nje litauliza mnakula mara ngapi kwa siku, halitauliza ni lini mnataka kurudi Kabambare na mnahitaji nini ili kurudi.

Najua rekta atanijibu nini. Atasema, "Mwandishi, fedha iko wapi?" Ni kweli. Mshahara unachelewa, walimu wanagoma, maprofesa wengi ni wa kuja na kwenda. Mgeni anashuka kutoka Lubumbashi au Kisangani, anamaliza saa zake za somo ndani ya wiki mbili, anaondoka na karatasi za mtihani ndani ya sanduku. Wazazi wanauza mbuzi kulipa minervali. Umeme ni wa jenereta. Mwalimu msaidizi anayetaka kusoma makala moja kwenye intaneti ananunua megabaiti kwa makuta yake mwenyewe. Nani katika hali hiyo atafanya utafiti?

Namheshimu anayeuliza hivyo, kwa sababu anaishi hivyo. Lakini sehemu kubwa ya ninayoomba haihitaji bilioni. Chukueni memwari. Kila mwaka wanafunzi wetu wanaandika memwari juu ya maji ya visima, juu ya uzazi, juu ya ugomvi wa mashamba, juu ya dhahabu ya Namoya na watoto wanaoacha masomo kwenda kuchimba, juu ya familia zilizohama. Wanatetea kazi yao mbele ya walimu watatu, wanapigiwa makofi, wanapewa pointi, kuna sherehe na kuku. Memwari inaingia kabatini. Panya wa Kasongo, nadhani, ndio wasomi wakubwa kuliko wote katika jimbo.

Ingegharimu nini kama kila memwari ingekuja na ukurasa mmoja wa Kiswahili chepesi, unaosema: niliuliza hivi, niliwauliza watu wa mahali fulani, wakanijibu hivi, nadhani ifanyike hivi? Ukurasa mmoja. Mwanafunzi ausome kwenye barza ya kijiji alichokwenda kuuliza, au kwenye redio, dakika kumi tu. Na asiposoma, asipewe diploma. Kanuni hiyo rekta anaweza kuiweka kwa sahihi yake, bila kungoja Kinshasa.

Wapo wanaosema Kiswahili hakiwezi kubeba mambo ya chuo. Huwa ninacheka. Katiba ya 2006 inakitaja kati ya lugha nne za taifa. Na mmoja wa watu waliowahi kuwa na ngome yao hapa Kasongo, Hamed bin Muhammed, yule Tippu Tip, ambaye simtetei kwa biashara aliyoifanya kwa mababu zetu, aliandika maisha yake kwa Kiswahili, na Mjerumani Heinrich Brode akayachapisha huko Ujerumani mwanzoni mwa karne ya ishirini. Wanahistoria wanayasoma mpaka leo. Kama Kiswahili kilitosha kueleza vita, safari, pembe za ndovu na hesabu za madeni, kitatosha kueleza kwa nini kisima cha mtaa kina kuhara ndani yake. Kifaransa kibaki kwa ajili ya jopo la walimu. Aliyetoa majibu apewe kwa lugha aliyojibia.

Tena tangu 2022 nchi yetu ni mwanachama wa Jumuiya ya Afrika Mashariki. Jumuiya hiyo ina baraza lake la vyuo vikuu, ofisi yake iko Kampala. Rekta wa Maniema akienda kule hahitaji mkalimani kuzungumza na mwenzake wa Dar es Salaam au wa Zanzibar. Wanafunzi wetu wanaweza kuandika pamoja na wa Kigoma juu ya watu waliovuka Ziwa Tanganyika wakikimbia vita ileile, wengine wakaenda upande wa Nyarugusu na wengine wakarudi upande wa Kasongo. Familia moja, kambi mbili, na hakuna kitabu kimoja kinachowaweka pamoja. Huo ndio ushirikiano ninaoweza kuupigia makofi nimesimama.

Wasikilizaji wengine wataniuliza: na sisi wakimbizi tutapata nini kutoka kwa chuo? Chakula? Hapana, chuo si ghala. Niwape mfano wa jirani. Mwezi wa Septemba 2023, Kamituga, mji wa dhahabu wa Kivu Kusini, watu walianza kutoka vipele visivyo vya kawaida. Wahudumu wa hospitali ya pale hawakunyamaza wala kusubiri jeep. Walichukua vipimo, wakashirikiana na watafiti wa INRB na wenzao wa nje, na ikagundulika kwamba virusi vya mpox vilikuwa vimebadilika na kupata njia mpya ya kupita kati ya watu. Taarifa ilipochapishwa, majina ya Wakongo yalikuwa mbele. Mwezi wa Agosti 2024 Shirika la Afya Duniani lilitangaza dharura ya kimataifa. Dunia iliamka kwa sababu watu wa mji mdogo walijua kuangalia, kuandika na kumpa taarifa mtu anayesikiliza. Na mnajua wachimbaji wetu wanavyotembea kutoka mgodi mmoja hadi mwingine, leo Kamituga, kesho Salamabila. Ugonjwa hauhitaji karatasi ya ruhusa. Siku kitu kipya kitakapotokea Saramabila, familia zilizohama, zinazolala kumi katika chumba kimoja, ndizo zitakazokuwa za kwanza. Kujua mapema ni faida yenu kabla ya kuwa faida ya profesa.

Lakini ili mseme ukweli mnapoulizwa, lazima mwamini anayeuliza. Na imani hiyo inaanza kuisha. Nimekuta familia zinazotoa idadi ya watoto isiyo ya kweli kwa sababu zinadhani karatasi ni ya msaada. Nimekuta nyingine zinazokataa kabisa, zikidhani karatasi ni ya askari au ya watu wa porini. Siwalaumu. Anayeuliza jina lako, kijiji chako na nani alikuvamia, halafu asikuambie karatasi inakwenda wapi, anakuweka hatarini. Rekta mpya aweke kamati ndogo ya kuangalia maswali kabla mwanafunzi hajatoka mlangoni, na ndani ya kamati hiyo akae mama mmoja kati ya waliohama na mmoja kati ya waliopokea. Wasikae kama mapambo. Wawe na uwezo wa kusema, swali hili toeni, litamletea mtu matatizo.

Na nyinyi mliohama, msingoje rekta. Mkiulizwa, ulizeni kwanza: unatoka chuo gani, nani mwalimu wako, majibu yatarudi lini na kwa njia gani? Mtu wa kweli hatakasirika. Akikasirika, mna jibu lenu.

Kuna jambo jingine, nalo ni la kurudisha. Proje Kasongo ina maandishi mengi, ripoti, ramani, daftari. Mengi yako Antwerp, na machache nadhani bado yako katika nyumba za watu hapa mjini. Rekta anayetaka ushirikiano na Ulaya asianze kwa kuomba kompyuta. Aandike barua moja ya heshima kwa taasisi ile na kusema: tupeni nakala za kazi iliyofanyika kwetu, ili wanafunzi wetu waendelee pale mlipoachia, na kurudi katika vijiji vilevile kuangalia miaka hamsini imefanya nini. Hakuna chuo kingine duniani kinachoweza kufanya utafiti huo vizuri kuliko chuo cha hapa. Washirika wa nje watakuja wenyewe wakiusikia.

Mama yule wa muhogo alirudi kwao, kisha akakimbia tena, sasa yuko upande mwingine wa mji. Nilimwona sokoni mwezi uliopita. Kijana mwanafunzi amemaliza, ana diploma yake, anatafuta kazi Kindu. Nilimpigia simu, nikamwomba memwari yake. Aliona haya kidogo, kisha akaituma kwa mtu wa motari, imefungwa katika mfuko wa plastiki. Nimeisoma usiku mbili. Katika ukurasa wa arobaini na kitu kuna mama asiyetajwa jina aliyesema kwamba watoto wake hawaendi masomoni kwa sababu ya sare, ada haihusiki; wenzao wanawacheka kwa nguo. Kijana aliandika kwamba familia nyingi zilisema hivyo. Aliandika pia kwamba hakuna mtu wa msaada aliyekuwa akiuliza juu ya nguo.

Jumamosi, baada ya matangazo ya vifo, nitausoma ukurasa huo hewani kwa Kiswahili, kwa ruhusa ya mwandishi wake. Mwenye memwari nyingine juu ya Kasongo au Kabambare ailete, hata kama panya wamekula jalada. Na mwenye karatasi za Proje zilizobaki kwa baba yake, tafadhali asiwashie moto. Nitakuja kuzichukua mwenyewe, nipige picha, nimrudishie.